Teke na Mipaka Yake

Kilima cha Kukkiwon kiko katikati ya Gangnam, Seoul, jirani na maduka ya vipodozi na kliniki za kurekebisha sura. Jengo lenyewe lilifunguliwa mwaka 1972: ukumbi wa zege uliovikwa paa la vigae la mtindo wa majumba ya kifalme. Ofisi zake ndizo zinazotoa vyeti vya mkanda mweusi wa taekwondo kwa dunia nzima, na ndipo nilipoanzia safari ya Korea Kusini iliyonipitisha Suwon, Gyeongju na Chungju hadi kwenye milima ya Muju. Mgeni afikaye hapa, hata asipouliza, hupewa maelezo yaleyale: kwamba sanaa hii ina umri wa miaka 2000, kwamba ilirithiwa kutoka kwa vijana mashujaa wa ufalme wa Silla walioitwa Hwarang, na kwamba lengo lake ni kujenga utu wala si kupigana. Mambo mawili ya kwanza siyaamini. La tatu naliamini, ila si kwa sababu zinazotolewa. Naona kwamba maadili ya taekwondo hayakutoka kwenye nasaba yake, wala hayakai kwenye viapo vinavyokaririwa kabla ya mazoezi. Yamo kwenye makatazo. Anayetaka kujua sanaa ya mapigano inafundisha nini aache kusoma kilichobandikwa ukutani, atazame mwili wa mwanafunzi umekatazwa kufanya nini, na umezoeshwa kujizuia wapi.

Kwetu Afrika Mashariki, anayerusha teke juu ya kiuno ni mtu wa karate, basi. Kama ni ya Japani, ya China au ya Korea, hiyo ni habari ya wenyewe. Wakorea hawalipendi kosa hilo hata kidogo, na wana sababu. Japani iliitawala Korea kimabavu kuanzia 1910 hadi 1945, na kufikia 1940 ilikuwa ikiwashinikiza watu wabadilishe hata majina ya ukoo yawe ya Kijapani. Katika miaka hiyo vijana wa Kikorea waliokwenda kusoma Japani walirudi na karate. Won Kuk Lee, aliyefungua ukumbi wa Chung Do Kwan mjini Seoul mwaka 1944, alikuwa mwanafunzi wa Gichin Funakoshi, mwasisi wa karate ya Shotokan. Choi Hong Hi, jenerali aliyelipigania jina la taekwondo hadi likapitishwa mwaka 1955, naye alijifunza karate hukohuko. Kumbi za mwanzo zilifundisha mifuatano ya miondoko ya karate, zikavaa sare nyeupe za karate, zikapanga wanafunzi kwa mikanda kama karate. Kwa nchi iliyotoka kunyang'anywa majina, kukiri kwamba mchezo wake wa taifa umetoka mikononi mwa mtawala kulikuwa hakusemeki. Ndipo akatafutwa babu wa kale, na akapatikana Silla. Simlaumu mtu aliyefanya hivyo mwaka 1955. Ninachokikataa ni kwamba maadili ya mchezo yamewekwa mgongoni mwa babu huyo, hata ikaonekana kwamba akianguka yeye, nayo yanaanguka.

Wakorea wenyewe waliwahi kuwa na njia nyingine ya kushughulika na vya kuazima. Suwon, kusini kidogo ya Seoul, kuna ngome ya Hwaseong iliyojengwa kati ya 1794 na 1796 kwa amri ya Mfalme Jeongjo. Mfalme huyohuyo aliagiza kuandikwa kwa Muyedobotongji, kitabu cha mafunzo ya kivita kilichokamilika mwaka 1790 kwa kazi ya wasomi wawili, Yi Deok-mu na Pak Je-ga, na mwanajeshi Baek Dong-su. Kina stadi 24, na karibu zote ni za silaha: mikuki, panga, marungu, kupigana juu ya farasi. Ya mikono mitupu ni moja tu, na mizizi yake iko kwenye maandishi ya jenerali wa Kichina Qi Jiguang. Imo pia stadi ya upanga wa Kijapani, na imeitwa hivyohivyo bila haya, karne mbili baada ya majeshi ya Hideyoshi wa Japani kuichoma nchi. Waandishi hawa wanataja walikochukua. Kilichowahusu ni kama stadi inamfaa askari, si kama aliiacha babu. Leo wacheza maonyesho waliovaa sare za walinzi wa kifalme hufanya stadi hizo mbele ya jumba la mfalme, na watalii hupiga picha. Ni wachache wanaojua kwamba wanachokitazama kama Ukorea halisi ni mkusanyiko uliokiri wazi madeni yake.

Jinsi historia inavyoweza kugeuzwa huku mwili ukibaki palepale, hakuna panapoonekana vizuri zaidi kuliko kwenye mifuatano iliyotungwa na Choi na wenzake. Ipo 24, kwa saa 24 za siku, na mingi imepewa majina ya mashujaa. Ule wa Joong-Gun una miondoko 32. An Jung-geun, aliyempiga risasi Ito Hirobumi huko Harbin mwaka 1909, alinyongwa mwaka uliofuata akiwa na miaka 32 kwa hesabu ya Kikorea. Basi mtoto wa Toronto anayejifunza mfuatano huo anahesabu kwa mikono na miguu umri wa mtu aliyemuua kiongozi wa Japani, na anauhesabu kwa ngumi na vizuizi ambavyo sehemu kubwa vilikuja kutoka Japani. Sijui kinaya kinachozidi hicho katika michezo. Choi aligombana na utawala wa Rais Park Chung-hee, akahamia Kanada mwaka 1972, kisha kuanzia 1980 akaipeleka taekwondo yake Korea Kaskazini. Katika muongo huo mfuatano wa Ko-Dang, uliobeba lakabu ya Cho Man-sik, Mkristo mzalendo aliyezuiliwa na wakomunisti mjini Pyongyang, uliondolewa, na mahali pake ukaja mfuatano ulioitwa Juche, itikadi ya Kim Il Sung. Huku Kusini, shirikisho jipya la dunia liliundwa Seoul mwaka 1973 chini ya Kim Un-yong, na mifuatano yake minane ya mwanzo ikafungwa kwenye alama za falsafa ya kale ya China, ambazo nne kati yake zimo kwenye bendera ya Korea Kusini. Kambi mbili, historia mbili, bendera mbili. Lakini teke la pembeni ni lilelile: goti hupanda, nyonga hugeuka, kisigino hutangulia.

Gyeongju, mji mkuu wa Silla ya kale, ndiko ushahidi wa miaka 2000 unakotafutwa. Katika pango la Seokguram, lililoanza kujengwa mwaka 751, mlangoni wamechongwa walinzi wawili vifua wazi, ngumi zimekunjwa, mkono mmoja juu. Vitabu vingi vya taekwondo vimechapa picha zao kama wapiganaji wa mwanzo. Ni sanamu nzuri mno, misuli ya tumbo imechongwa kwenye jiwe gumu kwa uangalifu wa ajabu, lakini ni walinzi wa Kibuddha, na ndugu zao wamesimama kwenye milango ya mahekalu ya China na Japani bila kudaiwa mchezo wowote. Kuhusu Hwarang, chanzo kikuu ni Samguk Sagi, historia iliyoandikwa na Kim Busik mwaka 1145. Humo tunakuta vijana wa tabaka la juu waliofundishwa muziki na adabu, waliotembea milimani, na waliokwenda vitani. Namna yao ya kupiga teke haielezwi popote.

Hata hivyo ndani ya kitabu hichohicho kuna kisa ambacho watetezi wa taekwondo hukitaja kila mara na kukikata kabla hakijafika patamu. Vijana wawili, Gwisan na Chuhang, walimwendea mtawa Won Gwang kuomba mwongozo wa maisha. Aliwapa amri tano: kumtumikia mfalme kwa uaminifu, kuwaheshimu wazazi, kuaminiana na marafiki, kutokimbia vitani, na kutoua bila kuchagua. Vijana wakasema nne wamezielewa, ila ya tano imewashinda. Mtawa hakuwapa hotuba juu ya thamani ya uhai. Aliwaambia wasiue siku za mfungo wala katika majira ya kuchipua na ya joto. Huko ni kuchagua wakati. Wasiue mnyama wa kufugwa, farasi, ng'ombe, kuku au mbwa, wala kiumbe kidogo ambacho nyama yake haijazi mdomo. Huko ni kuchagua kitu. Hapo Won Gwang anasimama upande wangu. Alipoulizwa maana ya huruma, alijibu kwa orodha ya makatazo ambayo mtu anaweza kuyashika au kuyavunja, na jirani akaona. Kama Silla ina la kuifundisha taekwondo, naliona hapa, wala silioni kwenye ngumi za mawe.

Atakayenipinga kwanza atasema kwamba nikiikata nasaba nimebakiza sarakasi, maana falsafa bila mapokeo ni maneno. Mwingine atanishika upande wa pili: chama kinachofundisha uadilifu huku kikisimulia historia ya kubuni kimejihukumu chenyewe, kwa hiyo kwa nini kuyatetea maadili yake? Kwa huyu wa pili sina mjadala mrefu. Historia isahihishwe, na gharama yake ni ndogo. Mwanafalsafa Kim Yong-ok aliitaja karate waziwazi kama chimbuko katika kitabu chake cha mwaka 1990, wala Kukkiwon haikuanguka. Wa kwanza anahitaji jibu refu zaidi, na jibu hilo liko Chungju.

Chungju ni mji wa kando ya mto Namhan, na ndio makao ya taekkyeon, mchezo wa kale wa miguu ambao taekwondo inapenda kudai ujamaa nao. Ujamaa wenyewe ni hafifu, lakini mchezo ni wa kweli. Mchoro wa Yu Suk wa mwaka 1846 unaonyesha wanaume wakiucheza kando ya mieleka, umati umekaa duara. Utawala wa Japani nusura uumalize. Ulibaki kwa watu wachache, na anayetambuliwa kuwa wa mwisho wa enzi ya ufalme wa Joseon ni Song Deok-gi, aliyezaliwa 1893. Shin Han-seung, aliyeupa mchezo makao Chungju, alijifunza kwa wazee kama Song, akapanga na kuandika alichokipata, na mwaka 1983 serikali ikautambua kuwa urithi wa taifa namba 76. Wawili hao walifariki mwaka mmoja, 1987. Mwaka 2011 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, wa kwanza miongoni mwa sanaa za mapigano.

Ukiutazama mara ya kwanza unaweza kudhani ni ngoma. Miguu inachora pembetatu chini: mmoja unakanyaga mbele kwenye ncha, unarudi, mwingine unaupokea. Kila hatua magoti yanalegea na nyonga inasukumwa mbele kidogo, mabega yanayumba, mikono inapepea mbele ya uso. Wachezaji wamevaa nguo nyeupe pana za kienyeji na soksi nene. Kisha, bila dalili yoyote, katikati ya kuyumba huko mguu unachomoka na kugusa shavu la mwenzake, au unamkwangua kifundo akaanguka. Basi, amekwisha. Sheria ni fupi. Anashindwa anayepigwa teke la kichwani, au anayeangushwa sehemu yoyote ya juu ya goti ikagusa ardhi. Ngumi hakuna. Teke la kiwiliwili linatakiwa kusukuma kwa wayo, lisipasue. Anayepiga kwa kuumiza amekosa. Na iko sheria moja ambayo sijaikuta kwenye mchezo mwingine wowote: kila mchezaji analazimika kuweka mguu mmoja pale mpinzani wake anapoweza kuufikia. Kujificha mbali na kuvizia hakuruhusiwi. Unampa mwenzako nafasi ya kukushinda, naye anakupa yako.

Sheria hiyo ina matokeo yake. Kwa kuwa mguu wangu uko mikononi mwa mwenzangu, sina budi kuwa mwepesi, maana nikikaza nitaangushwa. Kwa hiyo ulaini ambao watazamaji huuona kama urembo ni hesabu ya kubaki wima. Kwa kuwa teke la kifuani ni la kusukuma tu, nguvu haina faida bila muda na shabaha. Na kwa kuwa mchezo ulichezwa kijiji kwa kijiji, hasa kwenye sikukuu ya Dano, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda ya mwezi, watoto wakianza na watu wazima wakifuata, ilibidi watu walewale waonane kesho mashambani bila mbavu zilizovunjika. Taekkyeon ilikuwa na mbinu za kuumiza pia, na wahuni wa mjini walizitumia. Zilijulikana, zikawekwa nje ya duara. Hapakuhitajika kiapo wala shairi la ukutani. Uungwana uliingia kwa njia ya sheria ya mguu. Na kama mtu atasema kwamba taekkyeon ya leo nayo imepangwa upya katika karne ya 20, ni kweli, na inazidi kuniunga mkono: mwaka 1983 haukuifanya sheria ya mguu kuwa dhaifu zaidi kuliko ingekuwa kama ingetoka Silla.

Nikirudi kwenye taekwondo na kipimo hiki, naona mambo ambayo maelezo ya Kukkiwon hayakunionyesha. Maadili matano ya Choi ni adabu, uadilifu, uvumilivu, kujitawala na moyo usioshindwa, na maneno hayo yamesambaa hata kwenye kumbi zisizo za kambi yake. Lakini kambi hizo mbili, zenye maneno karibu yaleyale, zinalea miili tofauti, kwa sababu makatazo ni tofauti. Katika mapambano ya kambi ya Choi ngumi ya usoni inaruhusiwa, ila anayepiga kwa nguvu kupita kiasi huadhibiwa. Kwa hiyo mwanafunzi anafundishwa kukata nguvu mwishoni, ngumi ifike na isiingie. Katika mchezo wa Olimpiki, ulioonyeshwa Seoul 1988 na kutoa medali rasmi kuanzia Sydney 2000, teke linaruhusiwa kupigwa kwa nguvu zote, lakini ngumi ya usoni ni marufuku kabisa, na chini ya kiuno hakupigwi. Mkono unaambulia pointi 1, tena kifuani tu. Teke la kifuani ni pointi 2, la kichwani 3, na likipigwa kwa kuzunguka hufika 4 au 5. Anayeanguka au kutoka nje ya uwanja anampa mpinzani pointi. Matokeo ni mchezaji anayeshusha mikono bila hofu, mwenye kipaji cha kuinua mguu usoni mwa mtu kabla hajapepesa, na ambaye hajawahi kufundishwa kujikinga na ngumi ya kawaida ya baa. Mashabiki wa ndondi humcheka kwa hilo, na kama kipimo ni ugomvi wa baa, wana haki.

Makatazo hufundisha hata yasipokusudia, na tangu London 2012 tumeliona hilo. Zamani waamuzi wa pembeni walibonyeza vitufe walipoona teke limeingia, na malalamiko ya upendeleo hayakuisha. Vikaletwa vitambuzi vya kielektroniki kwenye kinga ya kifua na kwenye soksi, na Rio 2016 vikaongezwa kwenye kofia. Haki ya hesabu ikapatikana. Lakini mashine husoma mguso unaofikisha kiwango fulani, haijui kama teke lilipigwa na mwili mzima au liliparazwa na mguu ulioning'inia. Makocha waliligundua hilo upesi. Mguu wa mbele ukaanza kuinuliwa na kubaki hewani, ukizuia na kudonoa kama fimbo ya kipofu, na teke la kuzunguka lililoijengea taekwondo jina likapungua. Hakuna aliyebadilisha hata neno moja la viapo. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu, na kizazi kizima cha wachezaji kikawa na tabia nyingine.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote linatoka Beijing. Mwaka 2008 Ángel Matos wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa Sydney, aliondolewa kwenye pambano la kugombea shaba kwa kupitisha muda wa matibabu. Akamgeukia mwamuzi, Chakir Chelbat wa Sweden, akampiga teke la uso. Alifungiwa maisha. Kim Un-yong naye, aliyeifikisha taekwondo kwenye Olimpiki kuliko mtu mwingine yeyote, alihukumiwa kifungo mwaka 2004 kwa ubadhirifu. Kama mazoezi ya kujizuia yanajenga utu, ilikuwaje kwa hawa? Nadhani jibu la kweli ni kwamba hoja yangu ina mipaka, na mipaka yenyewe inaonyesha ilipo. Mwili hujifunza kujizuia pale tu ulipozoezwa kujizuia. Mchezaji wa kiwango cha Matos amezuia mguu wake mara nyingi mno mbele ya mwenzake aliyeanguka, kwa sababu kumpiga aliyeanguka ni kosa linaloadhibiwa kila siku mazoezini. Hasira dhidi ya mwamuzi haikuwa na zoezi lake, iliachiwa kiapo. Fedha za shirikisho nazo hazikuwa na refa wala mstari wa uwanja. Anayeamini kwamba maadili yamo kwenye falsafa ya Silla ndiye mwenye kazi ya kueleza ilikwenda wapi siku hizo. Mimi naona tu sehemu ambazo hazikuwekewa sheria, na binadamu waliofanya ambacho binadamu hufanya wakiwa huko.

Wapo pia watakaosema kwamba kila mchezo una sheria, na kwa kipimo hiki hata mpira wa miguu ni falsafa. Sawa, kwa kiasi fulani; sioni aibu kulikubali. Tofauti ni kwamba kwenye mpira rafu iko kando ya mchezo, mtu anaweza kucheza maisha yake yote bila kuifikiria. Kwenye taekwondo kuumiza ndiyo mada yenyewe. Mwanafunzi anafundishwa kisigino kinavunja ubavu upi, na saa hiyohiyo anafundishwa kukisimamisha. Kabla ya pambano anamwinamia atakayempiga, na baada ya pambano anamwinamia aliyempiga. Anarudia mfuatano peke yake, bila mpinzani, bila pointi, miaka na miaka, akisahihishwa upana wa kusimama na urefu wa kiwiko, na mkanda unaofuata haununuliki kwa kumshinda mtu. (Kwamba siku hizi kuna kumbi unakonunulika kwa fedha ni jambo jingine, na Wakorea wenyewe hulilalamikia.)

Jaribio lililo wazi zaidi la hoja hii haliko Korea, na kwa wasomaji wa Kiswahili haliko mbali. Kambi ya Mahama, mashariki mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2015 kupokea Warundi waliokimbia machafuko. Mmoja wao, Parfait Hakizimana, alikuwa amejeruhiwa mkono kwa risasi akiwa mtoto, katika shambulizi la mwaka 1996 lililomuua mama yake. Kambini alifundisha taekwondo, na taekwondo ilipoingia kwenye Paralimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo mwaka 2021, alishiriki katika timu ya wakimbizi. Nakubali kwamba Korea Kusini inautumia mchezo huu kama ubalozi, na kwamba mfuko wa wakimbizi unaohusishwa na shirikisho la dunia unalijenga jina la shirikisho pia. Lakini tuangalie kilichoweza kusafiri hadi Mahama. Won Gwang si wa kwao, sanamu za Seokguram si zao, na mtu aliyepigwa risasi utotoni hahitaji mfalme wa Silla amweleze vita ni nini. Kinachoweza kufika salama ni mistari ya kusimama, kuinama, amri ya kuanza na amri ya kusimama, pamoja na mwalimu anayeona mkono uliozidi na kuurudisha. Kama falsafa ingekuwa kwenye nasaba, ingeishia uwanja wa ndege wa Incheon.

Muju iko kwenye milima ya Deogyusan, na huko serikali ilifungua mwaka 2014 Taekwondowon, kijiji kizima cha mazoezi chenye makumbusho na ukumbi wa mashindano. Mashindano ya dunia ya 2017 yalifanyika hapo, timu ya maonyesho ya Korea Kaskazini ikaja, na shirikisho likabadili jina, maana herufi tatu za lile la zamani zilikuwa zimegeuka tusi la mtandaoni. Karibu na hapo kuna Najetongmun, tundu lililotobolewa kwenye mwamba, ambalo wageni huambiwa ni lango la mpaka wa falme za Silla na Baekje. Lilichimbwa wakati wa utawala wa Japani kupitisha barabara. Mpaka ulikuwa wa kweli, tundu ni jipya, na magari yanapita vizuri tu. Ndani ya ukumbi mambo yenye uzito ni mengine: tangu 2022 shirikisho limeleta utaratibu wa raundi tatu ambamo anayeshinda mbili ndiye mshindi, na Paris 2024 ulitumika. Kwa utaratibu huo, mtu aliyetangulia kwa pointi nyingi raundi ya kwanza hawezi tena kuzikalia na kukimbia hadi mwisho. Kila raundi anaanza na sifuri. Ni hatua nzuri, lakini mguu wa mbele bado uko hewani ukidonoa. Shirikisho likitaka kulirudisha teke la mwili mzima, halina haja ya kuchapisha kijitabu kingine cha maadili. Libadilishe kinachohesabiwa na ile soksi, na makocha watakuwa wamebadilika kabla ya msimu kwisha.